Mkanda Unaoimba

Gari lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuja kwa barabara ya kando ya mto, na juu ya keria yake kitu kililia vuuuu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Soko zima la samaki la mji wa Valdivia liligeuza shingo. Hata wale simba-bahari wanene, wanaolala nyuma ya meza wakisubiri matumbo ya samaki, waliacha kukoroma kwao.

Yasna Huenul aliweka kisu chini, akafuta magamba kwenye aproni yake ya bluu.

"Kaka, hiyo mikanda inaimba misa ya nani?"

Kijana alishuka. Mrefu, mwembamba, sweta la kijani la kufumwa kwa mkono, nywele zimelowa mvua. Juu ya gari alikuwa na kayaki ya plastiki, kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia, imelala upande kama mlevi.

"Dada yangu, inalia hivyo tangu Osorno. Nikadhani gari linakata roho."

"Gari halina neno. Atakayekata roho ni aliye nyuma yako, ikimwangukia."

Hakungoja kuombwa. Alipanda kwenye kizingiti cha mlango, akailegeza mikanda yote miwili, akaipinda kila mmoja mara moja, ndipo akaikaza kwenye bizimu. "Ukiuacha bapa, upepo unaupiga, unaimba. Upinde mara moja tu, utanyamaza." Kisha akachomoa kamba mbili chini ya meza. Moja akaifunga kwenye pua ya kayaki, akaishusha hadi kwenye chuma cha chini ya bampa. Nyingine akaifunga kwenye mkia, kwa nyuma. Mwisho akaishika kayaki kwa mikono miwili akaitikisa. Gari zima likayumba.

"Umeona? Ikicheza peke yake, hujafunga. Ikicheza na gari, nenda zako."

"Nani kakufundisha?"

"Baba."

"Na mimi, Ciro Oyarzo, nani atanifundisha?"

"Nunua samaki kwanza," alisema Yasna. Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko.

Alinunua. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Yasna akamwita Kimbaumbau, naye akaitika. Baridi ile yote walikunywa mate, ile chai chungu ya majani ya kwao, kwenye kibuyu kimoja, kando ya jiko la kuni, mvua ikipiga mabati.

"Kimbaumbau, umekula?" angempigia simu mchana.

"Nimekula mkate na jibini. Ila sauti yako sijashiba."

"Muone! Rudi kazini, mwongo wewe."

Neno hilo alilitamka kwa mahaba, akicheka.

Babake Yasna, mzee Eliseo, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alimwachia bintiye kayaki nyekundu aliyoiunda mwenyewe kwa majira mawili ya baridi, safu kwa safu. Jumapili Yasna alipokaa ndani yake, magoti yake yaligusa pale pale babake alipopachonga ili apate nafasi ya kukunja miguu. Kitu kingine cha babake hakuwa nacho, ila kamba mbili za kuifungia.

Baridi ilipopita, kayaki ikaota ufa chini. Fundi alikuwa Niebla, upande wa baharini, na Ciro akajitolea kuipeleka siku ambayo Yasna hawezi kuacha meza. Yasna alimpa kamba mbili za babake, zimekunjwa kama mzee alivyozikunja, zimefungwa katikati kwa uzi mwekundu wa sufu.

Saa nne akampigia.

"Umefunga pua?"

"Nimefunga, mama."

"Na mkia?"

"Na mkia. Kwani mimi mtoto? Safari yenyewe fupi."

Saa saba simu ikalia. Sauti ya Ciro ilikuwa imekauka.

"Yasna, moyo wangu... wameiba. Nilishuka kununua mkate, nikarudi nikakuta keria tupu."

Hakumlaumu. Alimpikia supu, akamwambia mwizi hapigi hodi. Wiki tatu alitafuta. Alibandika picha ya kayaki kwenye kila nguzo, Ciro akimshikia kopo la gundi. Jioni alikaa na simu mapajani, isije ikalia asisikie.

Ndipo mama Otilia, muuza kome wa Niebla, alipoitazama ile picha mezani.

"Hii si ile iliyoruka juu ya gari? Mbona haikuibwa, mwanangu. Mimi nilikuwa kwenye basi nyuma. Pale daraja la Mto Cruces, upepo uliingia chini ya pua, ukaipindua hivi, pwaa! Tuliponea chupuchupu. Kijana mwembamba akavuta vipande hadi kwenye matete."

Yasna alivua aproni, akapanda basi. Vipande vilikuwepo, vyekundu, kimoja kina zile alama za magoti. Aliporudi mjini alikwenda moja kwa moja kwenye gari la Ciro, akafungua buti. Kamba mbili zilikuwa pale. Uzi mwekundu haujaguswa.

Ciro akatoka, akasimama mlangoni mwa nyumba yake. "Nilikuwa na haraka, mvua inakuja. Kila siku nilisema kesho nitakwambia."

"Ulinishikia gundi, Ciro."

"Yasna..."

"Ungeniambia siku ile ningelia, ningekupiga kwa samaki, kisha ningekupakulia chakula. Wiki tatu ulinishikia gundi!"

Hakupokea simu zake tena.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja Ciro akaja sokoni, amevaa shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa, na juu ya gari kayaki mpya ya manjano.

"Ni yako. Nimepata kazi Puerto Montt. Nataka kukuoa, Yasna. Twende."

Yasna alimtazama, akaona jinsi alivyokonda zaidi, na mkono wake ukataka kwenda kwenye shavu lile. Aliuzuia.

"Chukua kayaki yako, Ciro. Nenda salama."

Akaikagua keria. Mkanda umelegea, pua haijafungwa. Akashusha pumzi. "Toka hapo."

Alifunga pua. Alifunga mkia. Alikaza mikanda yote miwili, akatikisa, gari likayumba.

Ciro alitazama juu, macho yamelowa. "Umesahau kuipinda."

"Sijasahau."

"Itaimba hadi Puerto Montt."

"Haitafunguka. Utafika mzima, na wa nyuma yako pia."

Gari likaondoka taratibu, likashika kasi, na mikanda ikaanza: vuuuu. Yasna alisimama na kisu mkononi, akiisikiliza mpaka ikapotea nyuma ya majumba. Mteja aliuliza mara mbili bei ya samaki ndipo akageuka.