Kobe Ndani ya Sanduku la Kakao

Kila asubuhi ya likizo ya Juni, Tusajigwe alifanya kazi nne kabla ya kunywa chai. Alifagia uwanja, akachota maji kisimani, akawafungulia kuku wa bibi yake, kisha akampelekea Diwani matembele.

Diwani alikuwa kobe wa klabu ya mazingira ya shule yao, iliyo kijijini karibu na Ipinda. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu alijitokeza pale tu chakula kilipokuwa kikigawiwa. Kibali cha kumtunza kilibandikwa ukutani katika ofisi ya Mwalimu Angetile, mlezi wa klabu. Shule ilipofungwa, mwalimu alimkabidhi kobe kwa Tusajigwe, msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa akiishi na bibi yake, Maria.

"Arudi mzima," mwalimu alisema. "Akifa, nitaandika barua ya maelezo kwa maofisa wanyamapori, na shule haitapewa mwingine."

Tusajigwe alimtengenezea nyumba kwa boksi la sabuni. Alitandaza pumba za mpunga chini, akaliweka boksi sakafuni katika kona ya jiko. Sakafu ilikuwa ya udongo, na mvua za Mei zilikuwa hazijaisha vizuri. Baada ya siku tatu kitako cha boksi kililowa. Asubuhi kulikuwa na ukungu, na upepo ulioshuka kutoka milimani ulikuwa wa baridi. Siku ya nne Diwani hakugusa matembele. Siku ya tano hakutoa kichwa nje ya gamba.

Gwamaka, jirani yao aliyesoma naye darasa moja, alikuja kumtazama. Aliligonga gamba kwa kidole.

"Diwani wenu yuko kikaoni," alisema. "Rudi kesho."

"Usimgonge! Anaumwa."

"Haumwi, ana baridi. Kobe hana joto lake mwenyewe kama mimi na wewe. Mwalimu alisema, wewe ukawa unachora maua kwenye daftari. Mtundikie balbu, kama baba anavyowafanyia vifaranga."

Tusajigwe alifuata ushauri huo. Aliomba balbu ya sebuleni, akaining'iniza juu ya boksi. Boksi likawa na mwanga mweupe mkali. Baada ya saa moja aliingiza mkono: pumba zilikuwa baridi vilevile. Balbu ile ilikuwa ya kisasa, ya kubana matumizi ya umeme. Ilitoa mwanga bila joto la maana. Balbu ya baba yake Gwamaka ilikuwa ya zamani, na ilikuwa imeungua tangu Pasaka.

Siku ya sita, tundu moja la pua ya kobe lilitoa povu dogo. Tusajigwe alilifuta kwa kitambaa. Lilirudi. Alilifuta tena, likarudi tena. Hakujua la kufanya zaidi ya kufuta.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Bibi Maria kibandani, akikagua kakao. Kakao mbichi hujazwa katika sanduku la mbao, ikafunikwa kwa majani ya migomba na magunia, ikavundikwa kwa siku sita hivi kabla ya kuanikwa. Ikiwa humo hupata joto yenyewe. Bibi Maria hakuwa na kipimo kingine ila mkono wake. Aliuzamisha kati ya punje, akaanza kuhesabu, akauchomoa alipofika saba.

"Imepanda vizuri," alisema. "Kesho tunaigeuza. Na wewe usije ukaligusa sanduku hili, unasikia? Ikiingia uchafu tu, chama cha ushirika kinanirudishia gunia zima."

"Nimesikia, Bibi."

Bibi Maria alichukua jembe, akaenda kupalilia shamba la mpunga. Tusajigwe alibaki akilitazama sanduku. Lilikuwa joto. Kobe alihitaji joto. Aliinua magunia, akamweka Diwani juu ya majani ya migomba, akamfunika vizuri asipigwe na upepo. Kisha akabeba ndoo kwenda kisimani.

Kisimani kulikuwa na foleni, na pampu ilikuwa nzito. Aliporudi, zaidi ya saa moja ilikuwa imepita.

Alipofunua magunia, harufu kali kama ya siki ilimpanda puani. Diwani alikuwa amenyoosha shingo yote nje. Kinywa kilikuwa wazi na kimejaa mate yenye povu. Miguu ilining'inia alipomwinua, bila kujivuta hata kidogo. Tusajigwe alikimbia naye ndani, akamlaza mezani.

Nyuma ya mlango kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa chaki tangu kuku walipopewa chanjo ya kideri. Ilikuwa ya Bi Nasma, afisa mifugo wa kata, ambaye watu wote walimwita daktari. Tusajigwe alichukua simu ya bibi yake iliyokuwa ikichajiwa, akapiga, sauti ikitokea kwa spika.

"Shikamoo, Daktari. Kobe wa shule amelegea. Hasogei."

"Marahaba. Amelegea tangu lini? Alikuwa wapi?"

Wakati huohuo Bibi Maria aliingia. Alikuwa amerudi kuchukua panga. Alisimama mlangoni, akiwa na tope hadi magotini, akasikiliza.

Tusajigwe alimtazama. "Alikuwa kwenye boksi lake," alisema. "Jikoni. Kuna baridi."

"Basi ni baridi hiyo. Jaza maji ya moto kwenye chupa, izungushie kitambaa, mweke ubavuni pake. Niko Kyela mjini, nikitoka nitapita."

Bibi Maria alichochea moto, akabandika maji. "Pole, mwanangu," alisema. "Tutampasha joto."

Tusajigwe alimshika kobe kwa mikono miwili. Gamba lilikuwa la moto kama kikombe cha chai. Sasa alielewa vizuri kilichokuwa kikitokea. Daktari alikuwa ametoa dawa ya ugonjwa aliotajiwa, lakini Diwani hakuwa na ugonjwa huo tena. Bibi alikuwa akitekeleza maagizo hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa ya kumuua. Maji yalichemka. Bibi aliyamimina kwenye chupa, akaifunga kifuniko, akaizungushia kipande cha khanga.

"Mlete hapa."

"Bibi, usimwekee."

"Daktari amesema."

"Nimemdanganya daktari. Hakuwa jikoni. Nilimweka kwenye kakao."

Bibi Maria aliiweka chupa chini polepole. "Kwenye kakao yangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Niliyokukataza asubuhi hii hii?"

"Ndiyo."

"Piga simu," alisema bibi. "Mwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

Safari hii Bi Nasma hakumaliza hata kusikiliza. "Toa chupa! Mpeleke kivulini penye hewa. Beseni, maji ya uvuguvugu, kina kifupi, yasifike kidevuni. Usimmwagie maji baridi, utamshtua. Mshikie kichwa juu. Ninakuja."

Tusajigwe alikaa chini ya upenu, kidole chake kikiwa chini ya kidevu cha kobe. Diwani alikuwa amefumba macho. Hapakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Bibi Maria alirudi kibandani, akaondoa majani ya juu pamoja na debe zima la kakao iliyokuwa chini yake, akaimwaga shimoni. Tusajigwe hakuthubutu kuinua uso.

Bi Nasma alifika kwa pikipiki baada ya dakika arobaini.

"Ugonile, mama," alimsalimu Bibi Maria, kisha akainama juu ya beseni. Aliugusa mguu wa nyuma wa kobe. Ulijivuta, kidogo sana. Alichomeka kipimajoto kwenye sanduku la kakao, akasubiri, akamwonyesha Tusajigwe.

"Soma."

"Arobaini na saba."

"Kobe huyu anataka mahali pa joto la nyuzi thelathini hivi. Arobaini ni hatari kwake. Tena ulimfunika, asiweze kuondoka."

"Atapona?"

"Sijui," alijibu Bi Nasma. "Nikikwambia atapona nitakuwa nakufurahisha tu."

Alimchoma kobe sindano kwa ajili ya kifua kilichokuwa kikimtoa povu puani, kisha wakajenga nyumba upya. Walichukua kreti pana la mbao, wakaliinua juu ya matofali ili lisinyonye unyevu. Pumba zenye vumbi zilitupwa, yakatandazwa majani makavu. Upande mmoja ilining'inizwa balbu ya zamani kutoka kwenye mkoba wa daktari, juu kiasi cha kutofikiwa na kobe. Upande wa pili uliachwa bila joto, ukawekewa kivuli na sahani ya maji. Kipimajoto kilifungwa chini ya balbu, na Tusajigwe aliagizwa kukisoma mara tatu kila siku na kuandika. Jua likiwaka, kobe atolewe nje, mahali penye kivuli pia.

Siku nne Diwani hakula. Tusajigwe aliandika namba, akabadilisha maji, akangoja. Siku ya tano, saa nne asubuhi, kobe alitoka chini ya balbu, akatembea hadi upande wa baridi, akatulia, akarudi. Halafu akang'ata tembele moja, akaliacha nusu.

Jioni Bi Nasma alipita. Alisoma namba zote bila haraka.

"Daktari, ni balbu iliyomponya?" Tusajigwe aliuliza.

"Balbu ilisaidia. Kakao pia ilikuwa na joto. Tofauti ni kwamba hili tunalipima, na yeye anaweza kulikimbia. Ukimfungia mnyama, kumpenda hakutoshi. Lazima ujue unampa nini, na kiasi gani."

Alimrudishia daftari.

"Na jambo la pili. Mimi nilikuwa Kyela, sikuwa namwona kobe. Nilikuwa na maneno yako tu. Uliponipa ya uongo, dawa yangu ikawa sumu, na bibi yako akaichemsha kwa nia njema. Ulipopiga mara ya pili ulikuwa umechelewa, lakini hukuchelewa mno. Shule ikifunguliwa, mwambie Mwalimu Angetile yote, na kakao iwemo."

"Nitamwambia."

"Ndaga fijo, Daktari," alisema Bibi Maria, akimshukuru. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Kesho kuna kakao nyingine ya kupasua. Debe moja utapasua wewe, badala ya lile nililomwaga."

"Ndiyo, Bibi," alisema Tusajigwe, akaenda kusoma kipimajoto. Kilionyesha ishirini na tisa. Aliandika.