Mikono ya Mama Haifunikwi

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya ujenzi lilijaa mafundi hadi mlangoni. Mchoraji alipanga foleni na gauni lake la bluu lililorukiwa na rangi kila upande, kilemba cha njano kichwani. Kijana mrefu nyuma yake, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi, akamwuliza kwa adabu kama angempakia rangi mlango wa karakana yake.

"Mimi huchora watu, kaka. Mlango tafuta mwingine."

"Basi nichore mimi, nitasimama mlangoni."

Alicheka bila kupenda, na kabla ya kufika kaunta wakawa wamepeana namba. Kijana alikuwa seremala wa fremu za picha, akiufanyia kazi ukumbi mkubwa wa sanaa. Wakawa hawamalizi simu: huyu akiaga, yule anakumbuka neno.

Mwaka huo ukumbi huohuo ulimpa mchoraji ukuta wake wa kwanza wa kutundikia picha. Akamchora mama yake, mfuaji wa nguo hospitalini, mikono kaikunja kifuani, makovu ya mvuke yakionekana toka kiwiko hadi kiganja. Mkurugenzi wa ukumbi alishauri gauni la mama pale pichani liongezwe mikono mirefu, wageni wasije wakachukizwa.

"Makovu hayo ndiyo yaliyonisomesha," mchoraji akamwambia. "Asiyeyaweza aangalie pembeni."

Siku ya ufunguzi aliingia na mama yake, wote wamependeza, wakakuta ukuta mtupu. Mlinzi akasema seremala ndiye aliyeishusha picha asubuhi. Kumbe mpenzi wake kala njama na wakubwa! Seremala alipiga simu mara kumi na moja, zote akazikata.

Siku nne akashinda chumbani, hagusi brashi. Mama yake ndiye aliyemwinua.

"Doa usilojua limetoka wapi, mwanangu, usilimwagie maji ya moto. Twende tukamsikilize."

Walipokaribia karakana waliona watu wamejazana. Picha ilikuwa imetundikwa mbele kabisa, ikitazama barabara. Wafuaji wa hospitali, wakiwa na sare zao, walikuwa wamepandisha mikono ya mashati wakionyeshana makovu.

Seremala akawaeleza. Mkurugenzi alikuwa amemwita mchoraji mwingine aje aifunike ile mikono kabla wageni hawajaingia. Yeye akampigia mpenzi wake, simu ikawa imezimwa. Ndipo akaibeba picha begani na kutoka nayo, na akaambiwa asikanyage tena pale.

"Ungeniambia," mchoraji akasema, machozi yakimlenga.

"Kwa simu ipi, mpenzi? Ile uliyoizima, au ile uliyonikatia?"

Hapo hapo simu ya mchoraji ikalia. Mkurugenzi alikuwa amesikia mji unavyozungumza. Akaomba picha irudishwe jinsi ilivyo.

"Haitoki hapa," mchoraji akamjibu kwa utulivu. "Anayetaka kumwona mama yangu aje kwa miguu yake, kama hawa."

Akaiweka simu mfukoni, akamgeukia seremala mbele ya umati ule.

"Nisamehe. Na kama bado unanipenda, tuoane. Nimechoka kungoja uniulize wewe."

Seremala alikuwa bado na randa ya kulainishia mbao mkononi. Akamtazama mama wa mchoraji.

"Mama, unamsikia binti yako?"

"Nimemsikia," mama akasema. "Wewe ndiye uliyeulizwa. Mjibu."

Seremala akaweka randa chini, akamjibu: "Ndiyo, tuoane."