Mkono Mwepesi

Maji hayakutoka. Daktari alipasua mfuko wa uzazi saa tatu asubuhi, upasuaji uliopangwa tangu mwezi uliopita, na badala ya maji ikamjia harufu ya nywele zilizoungua. Aliyelala mezani ni dada yake wa tumbo moja, macho wazi nyuma ya pazia, amekufa ganzi kuanzia kifuani.

Wauguzi walimpachika daktari jina Mkono Mwepesi, kwa kuwa kichwa cha mtoto alikitoa kabla hujamaliza kupiga chafya. Sifa zilimlewesha, akakataa kumwachia mwenzake kazi hii.

Akapenyeza mkono wa kulia chini ya kichwa, akakipakata kiganjani. "Kandamiza," akamwambia mkunga mzee, naye akalemea tumbo kwa juu. Kichwa hakikuja. Kucha ndefu zilimpapasa daktari kiganja, kisha vidole vitano vikamkamata.

"Kuna kitu humu," alinong'ona.

Akavuta, nacho kikavuta, meza ikaburutika sakafuni, kiwiliwili cha dada yake kikarushwa juu na kubwagwa chini, damu ikaruka hadi kwenye taa, kifundo cha mkono wa daktari kikavunjika huku akisikia, na moyoni akajua mpwa wake ana dakika mbili tu za kuishi.

"Kaka, unanivuta wapi?" dada aliuliza kwa hofu.

"Mwachilie mtoto, shika hicho kitu," mkunga alimnong'oneza daktari. "Jini hili hulinda kichwa. Acha lidhani bado mnashindana. Mimi namtoa kwa miguu."

Akaingiza mkono kando ya ule wa daktari, akapata nyayo, akazivuta. Vikafuata kiuno, mgongo, mabega. Kichwa kilipokuwa kinapita, daktari alihisi safu nzima ya meno ikifunga. Mkono wake ukatoka na vidole vitatu.

"Anapumua," mkunga alisema, akamfunga mtoto kitambaa.

Desturi ya chumba kile ni kutoshona mpaka kila kitu kihesabiwe. Vitambaa vilitimia, mikasi ikatimia. Mkunga akapekua mfuko wa uzazi, damu hadi viwikoni. Ulikuwa mtupu. Hapakuwa na jini, wala vidole viwili.

"Limekimbia," daktari alisema, akilia kwa furaha na maumivu.

"Nipeni mwanangu," dada alisihi.

Mkunga akamlaza kifuani pake. Dada akamtazama.

"Kaka," alisema taratibu, "mtoto anatafuna nini?"