Sindano ya Vidana

Škoda ilibiringika mara mbili, ikatulia magurudumu juu katikati ya shamba la pilipili hoho.

Dunja Stamenković alitambaa akatokea dirisha la nyuma. Audi nyeusi iliyomgonga ilikuwa imeshatokomea kusini. Bastola yake, Zastava CZ 99, bado ilikuwa kiunoni. Mkono wa kushoto ulivuja damu.

Hayo hayakumtisha.

Kilichomtisha ni kifuko cha baridi alichokivuta chini ya kiti. Kimepondeka. Kalamu zote za insulini zimevunjika, dawa yote imemwagika. Dunja alikuwa na kisukari tangu utotoni. Idara ya usalama kule Belgrade ilimwajiri hivyo hivyo, kwa sharti asikose sindano zake.

Akatoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo.

Sukari ni kumi na saba, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Na inapanda.

Redio ikakoroma. "Saba, uko wapi?" Alikuwa Kanali Vukašin, mkuu wake, akimwita kwa namba yake ya siri.

"Shambani, Kanali. Lori limenipita. Linakwenda mpaka wa Makedonia."

"Lifuate."

"Kwa miguu?"

"Dunja, nisikilize. Likivuka, kesho linashusha mzigo Skopje na Tetovo. Hospitali za kule zinatumia Vidana tangu enzi za Yugoslavia. Hakuna daktari atakayeikagua. Wataona jina, watadunga."

Lori lilibeba maelfu ya chupa zenye nembo ya Vidana, insulini ya kiwanda kimoja cha Leskovac. Kiwanda hakikutengeneza hata chupa moja kati ya hizo.

"Tangazeni basi redioni!"

"Tutangaze nini? Wagonjwa wataogopa hata ile ya kweli, watakufa majumbani mwao, na jina litakufa nao. Harting, mwenye mzigo huo, anaomba tufanye hivyo. Anataka Vidana ya kweli ife ili kampuni yake ichukue soko. Lizuie. Kimyakimya."

Mkulima aliyekuwa akipakia matikiti kwenye pikapu kuukuu alikuwa amesimama kando, mdomo wazi.

"Dada, wewe ni wa kupelekwa hospitali."

"Nipeleke Preševo, baba. Mpakani."

"Na damu hiyo kwenye kiti changu?"

"Twende!"

Walienda.

Jua la Agosti lilikuwa likichoma foleni ya Preševo. Lori jeupe lilikuwa limebakiza magari mawili tu kufika kwenye kizuizi. Dunja alishuka akipepesuka. Ulimi umekauka. Herufi za mabango zinacheza machoni.

Mkuu wa forodha, Slobodan Arsić, mzee mwenye masharubu ya kijivu, alitazama kitambulisho chake. Kisha akatazama hati aliyokabidhiwa na bwana mrefu mwenye suti ya kitani.

Leopold Harting. Wakili. Hata jasho hakuwa nalo.

"Binti, huyu bwana karatasi zake safi," alisema Arsić. "Kule ng'ambo, jina la Vidana limesajiliwa kwa kampuni yake."

"Wameliiba!"

"Waliwahi wao kuliandikisha. Leskovac walilala. Hapa mzigo unapita tu, na mlango wa lori una lakiri ya forodha. Niufungue kwa sheria gani?"

"Jina ni mali, bibie," Harting alisema kwa upole. "Ni kama nyumba tu. Na hati ninayo mimi."

Kizuizi kikainuka. Lori likaunguruma.

Dunja alichomoa bastola.

Paa!

Lakiri ikaruka vipande vipande. Dereva, mnene mmoja aitwaye Gojko, aliporomoka kutoka kwenye usukani na mikono kichwani.

"Mama yangu weee! Mimi dereva tu!"

"Umevunja lakiri yangu!" Arsić alinguruma. Askari wake watatu walishamlenga Dunja. Yeye tayari alikuwa ameufungua mlango wa lori na kutwaa chupa ya Vidana.

"Mzee, hii imeandikwa ni insulini ya haraka. Najidunga hapa mbele yako. Ikiwa ya kweli, sukari yangu itashuka."

"Maabara iko Belgrade."

"Lori halitasubiri Belgrade."

"Na ikiwa sumu?"

"Hapo utakuwa umeipata sheria ya kulizuia."

Arsić akainua mkono, na askari wakashusha bunduki.

Verica, muuguzi wa mpakani, alikuja mbio na bomba la sindano. "Dada, ninayo dawa nzuri kwenye friji. Dunga hiyo kwanza!"

"Nikidunga hiyo hatutajua kitu. Leta bomba."

Simu ikatetemeka. "Dunja, watu wa mpakani wameniarifu. Usithubutu," alisema Vukašin. "Ni amri."

Dunja akakata simu.

Kipimo kilisema ishirini na moja. Akadunga tumboni, akaketi chini, mgongo kwenye gurudumu la lori. Alimfikiria mama yake, aliyemfundisha kushika sindano akiwa na miaka sita. Aliogopa. Aliogopa kweli.

Pumzi zikawa nzito. Akatapika. Verica alimshika mabega huku akilia.

"Labda amekosea kudunga," alisema Harting.

Ishirini na mbili.

Foleni iliacha kupiga honi. Lisaa likakatika.

Ishirini na nne.

Arsić alichukua kile kipimo mwenyewe, akakiinamia.

"Uliniambia ni dawa, bosi!" Gojko alimpigia kelele Harting, akamtupia Arsić funguo za lori. "Nimebeba maji, jamani! Nawapelekea wagonjwa maji!"

Harting alishafika kwenye Mercedes yake. Injini ikawaka.

Dunja aliinua Zastava kwa mikono miwili.

Hakuhitaji kufyatua. Arsić alibonyeza kitufe, kizuizi kikashuka kwa kishindo juu ya boneti.

"Jina ni lako kule, bwana," alisema mzee. "Lakini haya maji nimeyakamata kwangu. Mfungeni pingu!"

Verica alipiga magoti, akamkabidhi Dunja kalamu ya sindano. "Haya, dada. Chukua Vidana."

Dunja akaikodolea macho. "Hii si Vidana."

"Aah! Sisi huku insulini zote tunaziita Vidana. Hii ni Vidana ya Kijerumani."

Dunja alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Akadunga.

Aliposimama, kivuli cha lori kilikuwa kirefu. Simu ikaita.

"Saba. Mzigo?"

"Umekamatwa, Kanali."

"Na wewe?"

"Kumi na sita. Inashuka."

Akanawa uso bombani, akachomeka bastola kiunoni, akaondoka kando ya foleni, polepole, kuelekea kaskazini.