Glavu ya Mtakatifu Placida

Kwetu Bavaria mtoto akizidiwa na homa, tunamwazimia glavu ya hariri ya Mtakatifu Placida, alale nayo kifuani. Akipona, glavu inarudishwa kabla ya sikukuu ya mtakatifu, ile ile, siyo nyingine. Placida mwenyewe ni mifupa mitupu. Amelazwa kwenye sanduku la kioo chini ya altare, kavikwa vito toka utosini hadi nyayoni, na malaika wa dhahabu wamejazana juu yake mpaka unaona kizunguzungu. Nimekua nikimsalimia kila Jumapili kama jirani.

Alasiri ya mkesha wa sikukuu tulikwenda kupanga maua, mimi, mama mdogo Kreszenz na binti yake Afra, ambaye majuzi tu aliugua mpaka tukamkatia tamaa. Mzee Korbinian, mtunza kanisa, alitupokea na utani wake. Alisema Placida amekonda siku hizi, maana glavu ya mkono wa kulia inampwaya. Akimvika jioni, asubuhi anaikuta imeanguka kwenye mto aliolalia.

Mama mdogo alibadilika rangi. Akanivuta nyuma ya nguzo.

"Ile niliishona mimi," alinong'ona. "Yake ya kweli ninayo hapa kifuani."

"Mrudishie, mama mdogo."

"Na homa ikirudi? Wengine nimeshazika, mwanangu. Nimebaki na huyu tu."

Nilimkasirikia, na huruma nikamwonea. Afra alikuwa amesimama mbele ya sanduku, mkono wa kulia kaubandika kwenye kioo, kauvika glavu nyekundu ya sufu niliyomfumia mwenyewe. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi. Ukungu ulikuwa upande wa ndani.

"Mama," alisema taratibu, "anasema anasikia baridi."

Mama mdogo alimkwapua, tukatoka. Theluji ilikuwa inaanguka. Hatukufika getini. Afra alilegea, akaanguka, midomo imekuwa ya bluu. Nilimshika mkono wa kulia. Ulikuwa wa baridi kama jiwe. Glavu haikuwepo.

Nilimbeba, tukarudi mbio. Mzee Korbinian alikuwa pale pale, ufunguo kiunoni, na aliapa hajafungua. Tuliangalia ndani ya kioo. Mkono wa mifupa ulikuwa umevaa glavu nyekundu.

"Fungua, Mzee," mama mdogo alisema. "Nimemwibia."

Mzee alifungua sanduku. Mama mdogo alipiga magoti, akaishika ile nyekundu. Vidole havikuiachia. Alivuta. Alilia. Alimwomba Placida radhi, akimtaja jina. Vikaachia. Akamvika glavu yake ya hariri, na mikononi mwangu Afra akakohoa, akafumbua macho.

Leo Afra ni mtu mzima mwenye watoto wake. Hana ugonjwa wowote, ila mkono wa kulia haujapata joto tena, hata kiangazi, na wanawe huwashika kwa wa kushoto. Glavu nyekundu ninayo mimi, kabatini. Sijawahi kuifua, naogopa. Asubuhi hii, nje kumeganda barafu, niliitoa nikaigusa. Bado ina joto.