Maana ya Figa la Nne

Kila asubuhi Mwanamkuu aliamka kabla ya mama yake, akafagia uwanja, akachemsha chai na kumpelekea mama kikombe chake chumbani. Mama alikuwa eda. Mumewe, Mzee Mwinyimvua, aliyekuwa mpakuaji mizigo bandarini, alifariki kwa presha miezi miwili nyuma, na kwa desturi ya mjane wa Kiislamu mama hakutoka nje mpaka siku zake zitimie. Kwa hiyo Mwanamkuu, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyekwenda gengeni. Ndiye pia aliyepeleka funguo za kibanda cha vitenge cha mama kwa mama yake mdogo aliyeuza badala yake, Mtaa wa Kongo, kisha akapenya katikati ya mikokoteni na marobota ya nguo mpaka shuleni kwao, pale pale Kariakoo.

Siku ya mazishi hakulia. Arobaini ilipofika hakulia pia. Majirani walimsifu kwamba ana moyo wa kikubwa. Yeye hakuona kama ana moyo wa aina yoyote. Akiitwa, aliitika. Wenzake wakicheka, naye alicheka kidogo, halafu uso wake ukarudi ulivyokuwa.

Zamani alikuwa msomaji wa kupindukia. Baba yake alipotoka kazini alipitia kwa wauza vitabu wa barabarani, akamletea chochote alichokipata. Ndivyo alivyompatia riwaya mbili za Candida Lupembe. Zilisimulia nchi iliyofichika chini ya ziwa, ambako walinzi watatu walilinda moto usiotakiwa kuzimika, na msichana aitwaye Sihaba aliyeingia nchi hiyo bila kualikwa. Darasa zima la sita lilikuwa limezisoma nakala hizo mbili kwa kuazimana mpaka majalada yakatoka.

Sasa kitabu cha tatu kilikuwa njiani. Kwenye mlango wa duka la vitabu la mtaa wa jirani lilibandikwa tangazo jeusi tupu, lenye maneno matatu tu: Figa la Nne. Watoto wengi walianza kwa kuuliza figa ni nini, maana makwao walipikia gesi au jiko la mkaa. Mwalimu wao wa Kiswahili, Mwalimu Victoria, aliwaeleza kwamba figa ni jiwe mojawapo kati ya matatu yanayoshikilia chungu juu ya moto wa kuni. Matatu yanatosha. Hapo mabishano ndipo yalipopamba moto, kwamba hilo la nne ni la nini. Mmoja wao, Lucky, alisema ni kiti cha jini. Mwingine akasema mwandishi amekosea kuhesabu.

Duka likawaita wanafunzi wa shule za karibu waandike nusu ukurasa kukisia maana ya jina hilo. Mwandishi mwenyewe angechagua kisio lenye hoja nzuri kuliko yote. Mshindi angelisoma mbele ya watu siku ya uzinduzi, na angepewa kitabu kabla hakijaanza kuuzwa.

Mwanamkuu alikaa dawati moja na Klara, msichana wa Ilala ambaye wazazi wake walihamia kutoka Newala. Msiba ulipotokea, Klara alikuja kila siku, akakaa naye mkekani bila kusema mengi. Shuleni napo, kila mapumziko, alimfuata chini ya ngazi alikopenda kujibanza, akazungumza peke yake kwa niaba ya wote wawili. Jumatatu moja alifika akihema.

"Nimejua, Mwana," alisema. "Jikoni kwa bibi yangu Newala kuna mawe manne. Matatu yako motoni, la nne limeegemezwa ukutani. Mimi nilidhani ni la kukalia. Bibi akaniambia hapana, hilo linangoja. Moto ukipasua mojawapo, linaingizwa hilo kabla chungu hakijamwagika."

Mwanamkuu alimtazama.

"Kwa hiyo mlinzi mmoja atavunjika," Klara aliendelea, "na Sihaba ndiye figa la nne. Ndiyo maana hawakumfukuza tangu mwanzo. Walikuwa wanajua."

"Inawezekana," Mwanamkuu alijibu, na kengele ikalia.

Jumatano ilikuwa siku ya kukusanya karatasi. Klara hakuja, malaria ilikuwa imemlaza. Mwalimu Victoria alipita dawati hadi dawati, akafika kwa Mwanamkuu, akakuta karatasi nyeupe. Hakumgombeza. Alimwambia kwa upole kwamba yeye ndiye aliyemtegemea kuliko wote, akampa dakika kumi zaidi, na akasimama pale pale kumngoja. Mwanamkuu akashika kalamu. Maneno pekee yaliyokuwa kichwani mwake yalikuwa ya Klara, akayaandika: jiko la bibi, jiwe la ukutani, chungu, Sihaba. Hakuwaza zawadi. Hakuwaza hata kwamba anaiba. Kuandika kulikuwa rahisi kuliko kueleza kwa nini hana la kuandika.

Ijumaa Klara alirudi, amekonda kidogo, na karatasi yake imeandikwa kwa mwandiko wa kunyooka. Mwalimu aliisoma, akakunja uso.

"Klara, hoja hii imeletwa na mwenzako tangu juzi," alisema mbele ya darasa. "Mpaka mawe ya kwa bibi. Sikutegemea wewe kunakili kazi ya mtu."

Klara aligeuka akamtazama Mwanamkuu, akangoja. Mwanamkuu alitazama ubao. Alijua vizuri ni neno gani linalotakiwa kusemwa, lakini lilikaa mbali naye, kama linamhusu mtu mwingine. Mwalimu akaitia karatasi ya Klara kwenye droo. Klara akachukua begi lake, akahamia dawati la mwisho.

Baada ya wiki mbili jina la mshindi lilisomwa mstarini. Lilikuwa la Mwanamkuu. Walimpigia makofi, akapewa barua yenye saini ya mwandishi. Nyumbani mama aliisoma mara tatu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, akatabasamu mpaka meno yakaonekana. Alimkumbatia bintiye kwa nguvu. Mwanamkuu alikaa kifuani kwa mama yake akingoja furaha imfikie. Haikumfikia.

Mama akapika kashata za nazi, akamtuma apeleke sahani moja kwa Klara. Alisema hajamwona mtoto yule siku nyingi, na hawezi kumsahau aliyewafaa siku za msiba. Mwanamkuu hakuwa na sababu ya kukataa ambayo angeweza kuitamka. Akatembea mpaka Ilala.

Mama Klara alimpokea mlangoni, akaitikia shikamoo yake kwa bashasha, akampongeza kwa ushindi. Kisha akashusha sauti. Alisema Klara siku hizi hasomi tena, na zile riwaya za Lupembe alizokuwa ameazima azisome mara ya pili amempa mwenzake mwingine kabla ya kuzimaliza. Hakujua mwanawe amepatwa na nini.

Klara alikuwa uani akifua sare. Mwanamkuu akaweka sahani juu ya ukingo wa karo.

"Mama amekuletea."

"Mwambie ahsante."

Klara alisuuza shati, akalikamua, akalianika. Kisha akasema bila kugeuka, "Sijawaambia nyumbani. Baba angekuja shuleni, na mama yako yuko eda. Sikutaka apate aibu ndani ya eda."

Mwanamkuu alitazama maji ya povu yakitiririka sakafuni.

"Unajua kwa nini nilikuambia wewe kabla ya mtu yeyote?" Klara aliuliza. "Ulikuwa huongei. Nilidhani nikikupa kitu cha kufikiria, utarudi. Basi. Nilitaka urudi tu."

Mwanamkuu alitaka kuomba radhi. Badala yake akakaa chini kwenye sakafu yenye maji na povu. Ndipo alipolia. Alilia kwa sababu ya Klara, halafu bila kujua ilianzia wapi akawa anamlilia baba yake, kwa sauti, mpaka Mama Klara akatoka ndani mbio. Klara alisimama na nguo mkononi. Hakumgusa, lakini pia hakuondoka.

Jioni ile Mwanamkuu alimweleza mama yake kila kitu. Mama akaikunja ile barua ya ushindi vizuri, akamrudishia.

"Kesho umpelekee mwalimu," alisema. "Useme kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Kesho yake Mwanamkuu alisema yote ofisini, na kwa ombi lake mwenyewe akarudia darasani, kwa kuwa Klara alishutumiwa darasani. Wenzake walimkodolea macho. Iliuma. Alipomaliza, Mwalimu Victoria alikwenda mpaka dawati la mwisho, akamwomba Klara radhi, akakiri kwamba alimhukumu bila kumuuliza hata swali moja. Mwanamkuu alipewa adhabu ya kusafisha maktaba mwezi mzima. Mwalimu akapeleka karatasi ya Klara kwa mwandishi, pamoja na maelezo.

Jumamosi ya uzinduzi, Klara ndiye aliyesimama katikati ya rafu za duka na kusoma kisio lake. Watu walipouliza kama amepatia, Candida Lupembe, mama mnene mwenye miwani, alicheka akasema kwamba Klara amekaribia ukweli kiasi cha kumnyima yeye usingizi, mengine wakayasome wenyewe. Mwanamkuu alisimama nyuma, karibu na mlango, akapiga makofi pamoja na wenzake.

Siku iliyofuata Klara alifika Kariakoo na kitabu chini ya kwapa. Akamwamkia mama, akakaa mkekani kando ya Mwanamkuu.

"Nimesoma sura mbili," alisema. "Sijakusamehe bado. Ila nimeshindwa kuendelea peke yangu."

Wakasoma mpaka adhana ya alasiri, kila mmoja ukurasa wake kwa zamu. Klara alipoondoka, mama alimwita Mwanamkuu karibu.

"Umemsikia? Hajakusamehe, na usimharakishe," alisema. "Msiba ulikufanya usisikie kitu, mwanangu, nami nilikuona nikanyamaza, kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo. Lakini wewe kutosikia maumivu hakumzuii mwenzako kuumia. Kazi ya mtu ni yake, na jina la mtu ni lake, hata siku ambayo wewe huoni uzito wa kitu chochote. Siku kama hizo ndizo za kushika ukweli kwa mikono miwili, maana moyo hautakukumbusha."

Mwanamkuu akaitikia. Macho yake yalikuwa yamejaa tena, na safari hii hakuyafuta haraka. Akakaa na mama yake mpaka akatulia, kisha akainuka kwenda kupika chakula cha jioni.