Delaney Anasema Mwenyewe

Jumamosi nyumbani kwa akina Kessling huanza kwa kutafuta soksi.

"Mama! Umeona soksi zangu nyeupe?"

"Ziko kwenye gari."

"Za kwenye gari zinanuka!"

"Afadhali," baba yake alisema. "Washambuliaji watakukimbia wenyewe."

Delaney Kessling alikuwa na miaka kumi na sita. Alikaa na wazazi wake, Russ na Patrice, huko Timonium, kaskazini ya Baltimore. Timonium mtoto wa kike hupewa fimbo ya lakrosi mapema, ile fimbo ndefu yenye kikapu cha wavu kichwani. Wengine huiacha baada ya mwaka mmoja. Delaney hakuiacha. Alichezea klabu ya wasichana ya mtaani kwao, na alikuwa beki.

Kazi ya beki ni kuzuia. Beki akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea. Na ni vigumu kumpigia makofi mtu ambaye mbele yake hakuna kinachotokea. Baba yake alilijua hilo, na lilimuuma.

Delaney alitaka jambo moja. Alitaka kucheza lakrosi katika Chuo cha Harlan Creek, huko Pennsylvania, na kusomea utabibu wa wanyama. Wasichana wanaotaka kucheza vyuoni ni wengi, nafasi ni chache. Makocha wa vyuo huzichagua timu zao mapema, na huchagua zaidi katika mashindano ya kiangazi. Kwa Delaney, kiangazi chenyewe kilikuwa hiki.

Alikuwa amemwandikia barua pepe kocha wa Harlan Creek, mama mmoja aitwaye Renner. Hakujibiwa. Akaandika tena. Kimya.

"Hawajakuona ukifunga," Russ alisema wakiwa garini. Russ alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Hakuwahi kushika fimbo ya lakrosi maishani mwake, ila kuitoa njiani asijikwae. Hilo halikumzuia kuwa kocha. "Leo panda mbele. Ufunge."

"Baba, mimi ni beki."

"Nani atasafiri mwendo wa saa tatu kuja kuangalia mtu anazuia?"

"Kocha anayetaka mtu wa kuzuia," Patrice alisema.

"Wewe uko upande wa nani?"

"Niko upande wa kiti cha mbele. Angalia barabara."

Mashindano yalifanyika kwenye viwanja vingi vilivyopangwa bega kwa bega. Makocha wa vyuo walikaa mstari mmoja kwenye viti vya kukunja, kila mmoja na fulana ya chuo chake. Kocha Renner alivaa kijani. Delaney alimwona papo hapo.

Nusu ya kwanza alicheza kama beki. Hakuna kilichotokea. Nusu ya pili sauti ya Russ ilivuka uwanja.

"Panda, Dee! Panda nayo! Usimpe mtu!"

Kocha wa klabu alimwambia abaki. Baba alimwambia apande. Delaney alikuwa na mpira kikapuni, na mbele yake palikuwa na nafasi. Akapanda. Mwenzake mmoja alimwita, hakumpa. Wapinzani wawili wakambana, wakagonga fimbo yake, mpira ukadondoka. Nyuma yake pakabaki wazi kama mlango uliosahauliwa. Wapinzani wakapita, wakafunga.

Kocha Renner alisimama. Akakunja kiti chake. Akaondoka.

Hapo Russ alifanya jambo ambalo mkewe bado hajamaliza kumcheka. Alimkimbilia.

"Kocha! Samahani, Kocha! Mimi ni baba yake namba kumi na saba!"

Kocha Renner alitabasamu kidogo. Akatikisa kichwa, akainua mkono kama mtu anayezuia gari, akaongeza mwendo. Russ akabaki amesimama katikati ya njia na kofia yake mkononi. Delaney aliyaona yote kutoka uwanjani.

Kurudi nyumbani hakuna aliyewasha redio.

"Nimejaribu kukusaidia," Russ alisema mwishowe.

"Sikukuomba," Delaney alijibu. "Ndiyo basi tena. Amenifuta."

Jumapili jirani yao Trudy Haupt alikuja kula kaa. Bi Trudy alikuwa kocha msaidizi wa lakrosi chuoni kwa miaka mingi, mpaka magoti yake yalipogoma. Meza ilitandikwa magazeti, kaa wa mvuke wakamwagwa katikati wakiwa wekundu kwa viungo, kila mtu akapewa nyundo yake ya mti. Delaney aliponda kaa wake kwa nguvu isiyohitajika.

"Huyo kaa amekukosea nini?" Bi Trudy aliuliza.

Delaney akamwambia. Hakuficha kosa la baba yake hata kidogo. Russ aliinama, akawa na shughuli kubwa na mguu mmoja wa kaa.

"Kwa hiyo ulimkimbiza kocha," Bi Trudy alisema.

"Nilimfuata tu."

"Mama wa watu alikimbia!" Patrice alisema. "Na kiti begani!"

"Alinikimbia kama namdai kodi," Russ alilalamika. "Hata salamu! Hawa watu hawana adabu."

"Adabu anayo, na kanuni pia anazo." Bi Trudy aliweka nyundo chini. "Sikiliza, Russ. Kocha wa chuo cha daraja la kwanza la michezo haruhusiwi kuzungumza na mchezaji wala mzazi wake habari za kumchukua, mpaka tarehe mosi Septemba, msichana anapoingia mwaka wa tatu wa sekondari, kama Delaney mwaka huu. Angesimama kupiga soga na wewe pale, angejiingiza matatani."

Delaney aliacha kuponda. "Na barua pepe zangu?"

"Anaruhusiwa kuzisoma. Haruhusiwi kuzijibu. Kimya cha Juni hakina maana ya hapana. Hakina maana ya ndiyo pia. Ni kimya tu."

"Mbona vyuo vingine vimemwandikia?" Russ aliinua kichwa kwa ushindi. "Amealikwa kambi za mazoezi kila mahali. Wanamtaka!"

Bi Trudy alicheka mpaka akakohoa viungo vya kaa.

"Jirani, mialiko ya kambi huenda kwa kila mwenye fimbo. Mimi nilikuwa naituma. Mmoja nilimtumia msichana aliyekuwa amelazwa, miguu yote miwili imefungwa plasta. Kambi si mbaya, unajifunza na unaonekana. Lakini mwaliko wa kambi si dalili kwamba umechaguliwa. Usiutangaze tena kwenye foleni ya duka la dawa."

"Alitangaza kwa daktari wa meno pia," Patrice alisema.

"Mdomo ukiwa wazi?"

"Ndiyo maana hakueleweka."

Hata Delaney alicheka. Kisha akauliza swali lililokuwa linamchoma. "Aliondoka kwa sababu nilipanda?"

"Sijui. Labda zamu yake ya uwanja mwingine ilifika. Labda ulimchosha. Na wewe hujui, kwa hiyo usijimalize." Bi Trudy alifuta mikono. "Lakini nitakwambia sisi tulikuwa tunaangalia nini kwa beki. Tulimwangalia akiwa hana mpira. Anaongea na wenzake? Akipitwa, anarudi mbio au anainua mikono na kumtazama refa? Akitolewa nje, anakaaje kwenye benchi? Halafu tuliangalia wazazi."

"Wazazi wanahusikaje?" Russ aliuliza.

"Tutakaa nao miaka minne, Russ."

Russ aliuweka chini mguu wa kaa.

"Sasa nifanyeje?" Delaney aliuliza.

"Video yako ya kuwatumia makocha ina nini?"

"Magoli mawili. Na muziki. Baba aliitengeneza."

"Muziki mzuri sana," Russ alinong'ona.

"Itupe. Tengeneza fupi, ya kuzuia tu, na mtu aweze kutambua wewe ni yupi. Uwaandikie makocha wewe, kwa maneno yako. Wape ratiba ya mechi, namba ya jezi, alama zako za darasani, na sababu ya kukitaka chuo chao. Mwambie kocha wa klabu yako unataka vyuo gani, umuulize akwambie kweli kama unavifaa au la. Na usiandikie chuo kimoja tu. Andikia na vidogo. Vingine viko daraja ambalo kocha anaweza kuzungumza nawe hata sasa."

"Sawa, Bi Trudy."

"Na ujiulize hili. Siku ya pili chuoni goti linakatika, huchezi tena. Bado utataka kubaki pale?"

Delaney alifikiri. "Harlan Creek, ndiyo. Wana zizi lao na zahanati ya mifugo."

"Basi hiyo ndiyo sentensi yako ya kwanza. Umewahi kuwaandikia hivyo?"

Hakuwahi. Barua zote mbili zilianza kwa sifa za kasi yake, na zote mbili Russ alizitia chumvi.

Wiki ile Delaney aliandika upya. Russ alizungukazunguka nyuma ya kiti chake mpaka Patrice akamtuma dukani kununua maziwa, na maziwa yalikuwepo.

Julai yakaja mashindano mengine. Jua lilikuwa kali, nyasi zimegeuka rangi ya mkate. Bi Trudy alikuja nao. Kabla ya mechi alimpa Russ pipi ya kijiti.

"Mimi si mtoto, Trudy."

"Ndiyo maana nimekupa kubwa. Iweke mdomoni, usiitoe mpaka filimbi ya mwisho."

Kocha Renner alikuwa kwenye kiti chake. Russ alimwona, akafumbua mdomo, akakumbuka, akanyonya.

Na kwa kuwa yeye alikuwa kimya, alisikia jambo jipya. Msichana mmoja alikuwa anaongea uwanjani bila kupumzika. "Kushoto! Kushoto kwako! Huyu namwona! Nenda, niko nyuma yako!" Wenzake walisogea alivyosema. Ilikuwa kama mtu anapanga viti sebuleni.

Russ alichomoa pipi. "Huyo nani?"

"Mwanao," Bi Trudy alisema.

"Anaongea hivyo tangu lini?"

"Miaka yote," Patrice alisema. "Wewe ulikuwa unamfunika kwa sauti yako."

Russ akairudisha pipi taratibu.

Mara moja Delaney alipitwa, tena vibaya. Hakuinua mikono. Aligeuka akarudi mbio, akaifikia pasi ya mwisho kwa ncha ya fimbo, mpira ukatoka nje. Hakuna aliyefunga. Hakuna kilichotokea. Russ alipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Timu yao ilifungwa, kwa goli moja. Kocha Renner alikunja kiti akaondoka bila neno. Russ aliing'ata pipi ikavunjika, lakini hakumfuata.

Tarehe mosi Septemba shule ilikuwa imeshafunguliwa. Simu za wasichana wawili wa klabu ziliita asubuhi, kabla ya somo la kwanza. Ya Delaney haikuita. Mchana pia haikuita. Chuo kimoja kidogo kilikuwa kimeshamkaribisha tangu Agosti, na alikipenda kiasi. Lakini moyo ulikuwa Harlan Creek. Jioni alikaa jikoni akisukuma tambi kwenye sahani. Russ alifungua friji, akaifunga, akaifungua tena.

Simu ikaita.

"Nipokee mimi?" Russ aliuliza.

"Baba!"

"Nimeuliza tu."

Delaney alipokea, akaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Delaney, Kocha Renner hapa. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na simu nyingi leo. Nimesoma ulichoandika kuhusu zahanati ya mifugo. Una muda?"

"Ninao, Kocha."

Waliongea juu ya masomo. Waliongea juu ya mechi ya Julai. Delaney alianza kwa sauti ndogo, kisha ikapanda. Aliuliza maswali yake mwenyewe: je, mabeki wangapi wanamaliza chuo mwaka ule, na je, wachezaji wanaruhusiwa kuhudhuria maabara za mchana?

"Sasa nikuulize na mimi," Kocha Renner alisema. "Juni ulipanda na mpira, ukaacha wazi nyuma. Kwa nini?"

Delaney alimtazama baba yake. Baba yake aliitazama tambi.

"Niliamua vibaya, Kocha. Nilidhani lazima mtu anione nikifunga. Kocha wangu alikuwa ameniambia nibaki."

"Nilimwambia mimi!" Russ alipasuka. "Kosa ni langu!"

Patrice alifunika uso.

"Hiyo sauti naijua," Kocha Renner alisema. "Juni niliisikia hata nilipohamia uwanja wa tatu." Alikuwa anacheka. "Julai sikuisikia. Nilimsikia beki. Delaney, nataka uje utembelee chuo Oktoba."

Bi Trudy alikuwa ameshawaonya kwamba mwaliko wa kutembelea si nafasi. Walikwenda wakilijua hilo. Delaney alikaa darasani saa nzima, akala na wachezaji bila wazazi wake, akaingia zahanati, akashika kwato ya mbuzi aliyekuwa mgonjwa. Mwisho akaitwa ofisini kwa Kocha Renner. Aliingia peke yake.

Alipotoka, wazazi wake walikuwa kwenye maegesho. Russ alikuwa amesimama ameweka mikono nyuma.

"Amenipa nafasi," Delaney alisema.

Russ alifumbua mdomo.

"Nimemwomba wiki moja nifikirie. Amesema sawa. Ninataka kulinganisha na kile chuo kingine, na kumuuliza Bi Trudy maswali mawili." Akainamisha kichwa pembeni. "Baba, umeshika nini huko nyuma?"

"Sijashika kitu."

"Ni sweta la chuo. Mkono wake unaning'inia."

"Nilikuwa naliangalia tu."

"Mpaka kwenye maegesho?"

Russ akalitoa. Lilikuwa la kijani, kubwa, limeandikwa BABA WA HARLAN CREEK.

"Usitupe risiti," Delaney alisema, akaingia kwenye gari.

Russ hakuitupa. Aliikunja vizuri, akaiweka mfukoni, na wiki nzima hakuuliza neno. Jumatano iliyofuata Delaney alifunga mlango wa chumba chake, akampigia Kocha Renner, akasema ndiyo.